Kumbukumbu za Mwanajeshi Katika Fasihi Yetu: Mbona Usiku Pekee?

Muhula uliopita, katika kikao cha kawaida cha chama chetu, mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili alisimama akauliza kama Kiswahili kina riwaya ya vita. Swali hilo lilizua kicheko, maana wengi wetu tuliliona kuwa la kitoto. Majibu yakamiminika kutoka kila pembe ya ukumbi: Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi, iliyotoka mwaka 1969 na kusimulia vita vya Mau Mau. Tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka huohuo, juu ya Maji Maji. Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert. Utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita vya Kagera. Mwenzetu alisikiliza kwa adabu, kisha akasema labda hakuuliza vizuri. Alitaka kujua kama tunayo riwaya ya mtu aliyekwisha kurudi kutoka vitani. Ukumbi ulitulia. Saa ya chakula ilikuwa imewadia, na sina budi kukiri kwamba wengi wetu tuliifurahia saa hiyo kwa kutuepusha na aibu.

Makala haya ni jaribio la kumjibu. Nitangulize rai yangu ili msomaji asipoteze muda kuisaka. Fasihi yetu ya vita inamtambua mwanajeshi anapopigana na inamtambua anapokufa, lakini anaporudi nyumbani inamfungia katika ndoto. Kumbukumbu zake zinaruhusiwa kumjia usiku tu, kwa jinamizi na kuweweseka, na kunapokucha hadithi inaendelea na mambo mengine. Naona hapo pana kosa la kisanaa, na nyuma yake pana kosa la kutomwelewa binadamu.

Kosa hili lina asili yake. Sisi ni warithi wa tendi. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728 na Mwengo bin Athumani, ni utendi wa vita, na tangu hapo hadi kwa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, aliyetunga juu ya Maji Maji, mtunzi wa vita alikuwa na kazi inayojulikana: kueleza chanzo, kupanga majeshi, kusimulia mapigano, kuwataja mashujaa na kuwalilia wafu, kisha aghalabu kufunga kwa dua. Vita vinapokwisha, utenzi nao unakwisha. Hatupewi beti za mwaka wa tatu baada ya vita, shujaa akiwa amekaa barazani na hawezi kushika kikombe bila chai kumwagika. Shaaban Robert alitunga maelfu ya beti juu ya vita vya 1939 hata 1945 ilhali yeye alikuwa karani wa serikali huko Tanganyika. Simlaumu, kwa kuwa alikusudia kuhifadhi habari za ulimwengu mzima uliokuwa ukiwaka moto, na alizihifadhi. Hata hivyo, riwaya ilipokuja iliukuta mlango huo wa kutokea umeshachongwa, ikautumia bila kujiuliza.

Riwaya iliongeza jambo moja, nalo ni nafsi ya ndani ya mhusika. Hapo ndipo ndoto ilipoingia. Kila mwanafunzi wa shule ya upili nchini Kenya anaifahamu mbinu rejeshi na anajua kuitambua: mhusika analala, anapiga mayowe, anaamka amelowa jasho, nasi tumekwisha kuelezwa yote yaliyompata. Ni mbinu nyepesi na inafaa sana kwa maswali ya mtihani. Wasipoota, wanajeshi wetu hulewa. Wasipolewa, huwa wendawazimu wa sokoni wanaotamka ukweli ambao wenye akili timamu wanaogopa kuutamka. Mwendawazimu huyo ana kazi yake katika fasihi ya siasa, wala sikatai, lakini anamfaa mwandishi kuliko anavyomfaa askari.

Jambo hili linanigusa kwa sababu kwetu ni Ngaremara, katika kaunti ya Isiolo, na kwetu askari si mhusika wa vitabuni. Isiolo yenyewe ni mji uliokuzwa kwa sehemu na askari waliorudi: Wasomali wa koo za Isaak na Herti, waliowatumikia Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, walipewa makazi hapo. Mwezi wa Juni 1963 mkuu wa wilaya, Daudi Dabasso Wabera, aliuawa pamoja na Chifu Haji Galma Dida, na vita vya Shifta vilivyoendelea hadi mwaka 1967 viliwaacha Waborana wa Garba Tula na Merti wakiwa wamepoteza mifugo yao na kuonja maisha ya kambi zilizolindwa kwa bunduki. Mjini pana chuo cha jeshi cha kuwafundisha askari wa miguu. Ukivuka daraja la Ewaso Ng'iro kuingia Archers Post, unakaribia nyika ambako majeshi ya Kenya na ya Uingereza yamefanyia mazoezi ya silaha kwa miongo mingi. Mabomu yaliyosalia ardhini yaliwaua na kuwalemaza wachungaji, hata mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ikakubali kuwalipa fidia zaidi ya watu 200 wa huko na wa Dol Dol. Sisi Waturkana wa Ngaremara tumekaa kando ya barabara ya kwenda Marsabit, katikati ya hayo yote, tukiwa na vita vyetu vidogo vya mifugo na majirani zetu, ambavyo si vidogo kwa aliyefiwa.

Mjomba wangu alikuwa mwanajeshi. Alikuwa miongoni mwa waliokwenda Somalia baada ya majeshi yetu kuvuka mpaka mwezi wa Oktoba 2011. Alipostaafu alirudi nyumbani akafungua duka dogo la unga, sukari na kadi za simu karibu na barabara kuu. Halewi. Hapigi mayowe usiku. Mkewe, ambaye ningemtarajia awe shahidi wa kwanza, anasema mumewe hulala kama mtoto mchanga. Lakini hapiti juu ya udongo uliochimbuliwa karibuni. Mwaka mmoja walichimba mtaro wa bomba la maji kandokando ya njia ya kwenda dukani. Kila asubuhi, kwa miezi, mjomba alizunguka nyuma ya shule, mwendo wa karibu nusu saa, hadi mvua ikaushindilia udongo ule na nyasi zikaota juu yake. Watoto wake wamezoea. Wakifuatana naye hawamuulizi kitu. Wanamwelekeza upande mgumu wa njia kama vile mtu anavyomwelekeza ajuza asiyeona vizuri. Kule alikokuwa, udongo mpya kando ya barabara ulikuwa na maana moja tu.

Bibi yangu, yaani mama yake mzazi, alipofariki, mjomba alisimama penye ua tangu mwanzo wa mazishi hadi mwisho. Hakusogea kutia udongo kaburini. Wazee walinung'unika kwamba jeshi limemtia kiburi, na mmoja wao hajamsalimu tangu siku hiyo. Yeye hakujitetea. Alikwenda kaburini peke yake baada ya mvua za misimu miwili kupita.

Likizo moja nilimkuta dukani akisoma Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ilikuwa nakala ya binti yake, maana riwaya hiyo, iliyotoka mwaka 2014, ilitahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022. Wasomaji wa jarida hili wanaikumbuka: Mwangeka, ambaye amekwenda Mashariki ya Kati kudumisha amani, anarejea na kukuta mkewe na binti yao wameteketea katika nyumba ya babake, Ridhaa, iliyochomwa wakati wa ghasia za uchaguzi. Binamu yangu alikuwa ameandika pambizoni, kwa penseli, sifa za Mwangeka kama zinavyotakiwa na mtahini: mvumilivu, mwajibikaji, mwenye mapenzi ya dhati. Mjomba aliweka kidole juu ya neno la kwanza, akaniuliza kwa Kiturkana, nami hapa nayatafsiri maneno yake:

"Mwalimu, huyu Mwangeka huko alikopelekwa alifanya nini?"

Nikamjibu kwamba alidumisha amani.

"Hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Nauliza alifanya nini."

Sikuwa na jibu. Nilikichukua kitabu nikakipekua palepale kaunta, wateja wakipita, na sikulipata. Sharti niseme kwa haki kwamba hilo si dosari ya riwaya ile. Matei aliandika juu ya wakimbizi wa ndani, na kumrudisha mlinda amani katika nyumba iliyokuwa majivu ni kejeli kali iliyotosha kwa kusudi lake. Anayetoka kulinda amani ya wengine anakuta ya kwake imechomwa na jirani. Lakini tazama gharama yake: mwanajeshi maarufu kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili ya miaka ya karibuni, aliyesomwa na maelfu ya vijana wa taifa zima, ana kumbukumbu nzito za moto wa nyumbani, ilhali za huko alikobeba bunduki hatuzijui. Mtahini anapomwita mvumilivu, hatuna njia ya kujua ni yapi hasa aliyoyavumilia.

Nilimweleza mjomba kwamba katika vitabu vingine askari huota. Alicheka.

"Mimi nikilala huota mbuzi," alisema. "Mambo yale hunijia mchana, tena nikiwa nimetulia."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma fasihi ya vita nikitafuta mchana. Unapatikana. Katika riwaya ya Erich Maria Remarque ya mwaka 1929, Im Westen nichts Neues, kijana Paul anakwenda nyumbani kwa likizo. Babake anataka kusikia habari za mapigano, naye hana namna ya kumpa. Barabarani mlio wa tramu unamstua kwa kuwa unafanana na mvumo wa kombora linalokuja. Ni mchana kweupe, katika mji wake mwenyewe, watu wakienda sokoni. Kwetu Kenya tunaye Boro katika Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1964. Boro amerudi kutoka Vita Vikuu vya Pili, nduguye Mwangi amebaki huko, na kwa hayo yote hana ardhi wala kazi. Pombe anakunywa, naam, lakini kinachomjenga mhusika huyu ni kimya chake mbele ya babake. Mzee Ngotho anakiona kimya hicho kuwa ni shutuma, na kinaitafuna familia mezani, wakati wa chakula, muda mrefu kabla Boro hajaingia msituni. Ngũgĩ alikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu alipoandika hayo. Sijui kwa nini sisi tumeyapita.

Anayenigusa zaidi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, katika Afterlives ya mwaka 2020. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani, anajeruhiwa, lakini si na adui, bali na mkubwa wake mwenyewe kwa upanga, na anarudi katika mji wa pwani akichechemea. Gurnah hamnyimi ndoto mbaya, anazo. Lakini uzito wa masimulizi uko katika karakana ya mbao anakofanya kazi, katika mguu unaouma anapotembea, katika namna anavyojibu kwa ufupi akiulizwa alikuwa wapi miaka yote ile. Tena kumbukumbu hazikomi kwake. Mwanawe, aliyepewa jina la mjomba wake aliyepotelea vitani, anaanza kusikia sauti. Inasikitisha kidogo kwamba hadithi hiyo yenye askari wanaozungumza Kiswahili iliandikwa kwa Kiingereza. Hili si la kumlaumu Gurnah. Ni letu.

Nikirudi nyuma zaidi, naona kwamba wazee wetu wa pwani na bara waliwahi kulijua jambo hili bila riwaya. Ngoma ya beni, iliyosambazwa Afrika Mashariki na askari na wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, ilichezwa kwa hatua za gwaride, vyeo vya kijeshi na sare za kuigiza. Wanahistoria wameieleza kama mashindano ya mitaa na kama dhihaka kwa mkoloni, na hayo yote ni kweli. Mimi nadhani pia ilikuwa ni miili iliyofundishwa kutembea kwa amri ikitafuta mahali pa kuitembeza amri hiyo baada ya aliyeitoa kuondoka. Miji yetu ina Kariakoo na Kariokor, majina yaliyotokana na kikosi cha wapagazi ambao makumi ya maelfu yao hawakurudi. Tunanunua viatu na nyama choma juu ya kumbukumbu hiyo kila siku, mchana.

Kwetu Waturkana, kumbukumbu ya mpiganaji haikuachwa iwe siri. Kwa desturi, aliyeua adui vitani hufanyiwa tambiko la kumtakasa, na huchanjwa chale mwilini. Chale hizo zinaonekana. Mtoto anaziona, mke anaziona, na mgeni anajua anakaa na nani. Sisemi kwamba desturi hiyo ilikuwa dawa kamili, wala siifumbii macho damu iliyomwagika ili chale zichanjwe. Mwaka 2021 watafiti Matthew Zefferman na Sarah Mathew walichapisha matokeo ya mahojiano na wapiganaji 218 wa Kiturkana, wa huko Turkana kwenyewe na si wa kwetu Isiolo. Asilimia 28 walikuwa na dalili za kiwewe kwa kiwango ambacho daktari angeshuku ugonjwa. Dalili za kustuka na kukaa chonjo zilifanana na za wanajeshi wa Marekani waliolinganishwa nao, ila zile za huzuni na kujitenga zilikuwa hafifu kwa Waturkana. Watafiti walizihusisha dalili za huzuni na hofu ya mtu kulaumiwa na jamii yake. Niliposoma hapo nilimfikiria mzee yule asiyemsalimu mjomba. Mjomba hana chale ya Somalia. Vita vya serikali havichanjwi, na wazee wa kijiji hawana pa kuvisoma.

Badala ya chale, askari wa serikali hupewa amri ya kunyamaza. Kambi ya El Adde iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, serikali haikutangaza idadi kamili ya wanajeshi wetu waliouawa. Huenda jeshi lilikuwa na sababu zake za kiusalama. Mimi si mtaalamu wa mambo hayo. Lakini nchi isiyotaja hesabu ya wafu wake itawezaje kuwauliza walio hai waliyoyaona? Hapa ndipo riwaya ilipopaswa kuingia, kwa kuwa riwaya haiulizwi majina wala idadi. Mwandishi anaweza kubuni kambi, kubuni kikosi, na bado akaweka ukweli wa mtu anayezunguka nusu saa kuukwepa mtaro.

Mwenzangu mmoja wa shahada hii, aliyeisoma rasimu ya makala haya, alinipinga vikali. Alisema mtu anayezunguka mtaro si riwaya, ni tabia tu, na kwamba msomaji wa Kiswahili anataka tukio. Aliongeza kwamba ndoto ni mbinu iliyokomaa katika fasihi yetu na imewapa Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed baadhi ya kurasa zao bora. La pili nalikubali bila masharti. La kwanza nalikataa. Hebu fikiria riwaya inayoanza na baba anayezunguka nyuma ya shule kila asubuhi, na mwandishi asituambie kwa nini kwa kurasa 30. Mke anajua, watoto wanajua nusu, majirani wanakisia vibaya, mafundi wa bomba wanamcheka. Kisha mama mzazi anakufa na kaburi linachimbwa. Taharuki gani tunayoihitaji zaidi ya hiyo? Ndoto ingeyamaliza yote katika ukurasa wa 3.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba hatujauliza. Wengi wa waandishi wetu ni walimu na wanahabari. Tunaijua shule, ofisi, gazeti na kampeni ya kisiasa, na tunaziandika vizuri. Askari tunayemwandika tumemtoa katika sinema, na kwa hiyo anaota kama waotavyo wa sinema. Nami nimo katika lawama hiyo. Nilikuwa nimemjua mjomba kwa miaka mingi, nimekula kwake, nimekopa sukari dukani kwake, na sikuwahi kumuuliza lolote hadi aliponiuliza yeye juu ya Mwangeka. Nilikuwa namsubiri apige mayowe usiku ndipo nijue kwamba ana la kusimulia.

Desemba nitakwenda nyumbani. Mjomba hapendi Kiingereza cha riwaya, anasema kinamchosha macho, kwa hiyo tumekubaliana kwamba nitamsomea habari za Hamza kwa Kiswahili changu mwenyewe, sura kwa sura, jioni baada ya kufunga duka. Ameniwekea sharti moja: nikifika mahali ambapo mwandishi amekosea, atanisimamisha, nami niandike pambizoni alichosema.